Mto Niliouziba kwa Bukari

Mwezi uliopita binti yangu alinishika mkono akanipeleka saluni kutiwa rangi nywele, kwa madai kwamba mvi zangu zinamzeesha yeye. Nikakaa kitini, nikafungwa taulo shingoni, na yule msichana wa saluni alipofungua kichupa chake harufu ikanipanda puani, kali, ya kuchoma macho. Badala ya kukohoa nikajikuta natabasamu peke yangu. Msichana akauliza kama dawa inaniunguza. Nikamwambia hapana, inanikumbusha karatasi. Alinitazama kwa ile huruma ambayo watu wa umri wetu tumeshaizoea.

Ninyi mliokulia Lubumbashi zama zile mtanielewa. Kampuni ya shaba ilichora ramani za migodi yake kwenye karatasi kubwa zilizonuka vilevile. Zilipochakaa zilitupwa, na zilizotupwa ziliishia sokoni, maana kila kitu kiliishia sokoni. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Alizinunua kwa mafungu ili kufungia samaki wa chumvi, na kila fungu lilipoingia nyumbani nilikuwa wa kwanza kulifungua. Upande mmoja ulikuwa na mistari ya zambarau, mashimo na njia za chini ya ardhi ambazo hatukuelewa kichwa wala mguu. Upande wa pili ulikuwa mtupu, wa rangi ya maziwa, na huo ulikuwa wangu. Shuleni tulikuwa tunaandika hadi kwenye majalada ya madaftari, kwa hiyo mtoto aliyepewa karatasi pana kama kitanda hakuwa na la kuomba zaidi.

Nilianza kuchora ramani kwa sababu ya Amisi, mtoto wa shangazi. Amisi alikuwa amekaa Ubelgiji na baba yake aliyekwenda kusoma huko, na waliporudi yeye alikuja kuishi kwetu, kijana mrefu wa miguu, mwenye maringo kidogo na Kifaransa kingi. Alileta mfuko wa dadu za ajabu zenye nyuso nyingi, moja karibu ya mviringo kama ndimu, na mchezo wote alikuwa nao kichwani. Kitabu cha mchezo kilibaki kwa rafiki zake wa kule. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mtu mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja ana shujaa wake, na shujaa akitaka kuruka shimo au kupigana, dadu ndizo zinazosema kama ameweza. Msimulizi alikuwa Amisi. Mashujaa walikuwa wa kaka yangu Saleh na wavulana wa nyumba za jirani, na mashujaa hao walikuwa vizibo vya chupa tulivyookota nje ya baa, jambo ambalo baba, Mwislamu wa Maniema aliyejiheshimu, hakuambiwa.

Mimi sikutaka shujaa. Shujaa mmoja ana faida gani, wakati unaweza kuwa na nchi nzima? Amisi alikuwa ananiambia mapema wapi watapigana, nami nilikuwa nachora uwanja wa vita, nikaugawa kwa rula katika miraba midogo, kila mraba hatua ya shujaa mmoja. Kisha nilikuwa naujenga. Vilima vilikuwa udongo wa kichuguu uliolowekwa. Miti ilikuwa waya za shaba zilizosokotwa, na msiniulize waya zilitoka wapi. Kwa majani nilikuwa nakwenda kwa jirani yetu aliyechonga malakiti, lile jiwe letu la kijani, nikamfagilia karakana, na yale mavumbi niliyofagia yakawa msitu. Jumamosi, wakubwa walipotoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, wamechoka kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, sisi tulikuwa tayari tumetandaza nchi yangu juu ya meza ya uani, na Saleh anatema mate mikononi kabla ya kurusha dadu kana kwamba anataka kuinua gunia.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Amisi aliitangaza siku ya kwanza, amesimama, kidole juu.

"Bintu ya kreyo inaweza kufutika," alisema. "Inaweza kuwa bongo. Mais bintu ya biki iko kweli. Haibadilike."

Kreyo ni penseli, bongo kwetu ni uongo, na mais ni lile "lakini" la Kifaransa. Basi nilikuwa nachora kwa penseli njia za uvumi, hazina ambazo labda zipo na labda hazipo. Milima, miji na maji niliyachora kwa biki, kalamu ya wino. Wenzangu waliiona ile kuwa sheria ya mchezo. Mimi, mtoto wa kufikiri sana na kuuliza kidogo, niliiona kuwa sheria ya dunia, na nilijivunia kwamba biki ya nyumba ile ilikuwa mfukoni mwangu.

Siku moja Amisi aliniita.

"Zaina, safari hii tunapigana ku mutoni. Unichoree mutoni ya munene, na matete, na boti moja."

"Miye sijaonaka mutoni ya munene."

"Uliza papa yako. Yeye njo anaendaka Kasenga."

Baba alikuwa mezani anakunywa chai, anajiandaa kuondoka siku hiyohiyo na lori la samaki. Nikamuuliza Luapula, ule mto wa Kasenga alikonunua samaki, ikoje. Alichovya kidole kwenye chai, akavuta mstari mpana juu ya mbao.

"Angaria, mama," alisema, maana baba zetu waliwaita binti zao mama. "Hii njo Luapula. Huku njo kwetu, kule njo Zambie. Pembeni iko matete, matete, matete mpaka unachoka. Boti inapita hapa katikati."

"Na weye unapandaka boti?"

"Kama samaki iko kule ku visiwa, nitafanya je? Ninapanda."

Akamaliza chai, akavaa kofia yake nyeupe, akamwambia mama siku ambayo atarudi, akaenda zake. Mimi sikumsindikiza hata mlangoni. Nilikuwa nawahi kunakili ule mto wa chai kabla haujakauka.

Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, nasema hivyo bila aibu. Luapula niliipaka wino wa buluu hadi kidole kikaingia bonde. Matete niliyasimamisha kwa njiti za ufagio. Katikati ya maji nikachora boti, na kwa kuwa boti tupu haipendezi, nikaweka watu ndani, na mmoja nikamvika kofia nyeupe. Nilimchora baba kwa biki, kwa mapenzi tu, ili naye awepo kwenye kazi yangu nzuri.

Vita ile ilikuwa kati ya mashujaa na watu-mamba. Saleh na wenzake walifika ukingoni, watu-mamba wakatoka kwenye matete, na Amisi akauliza nani anailinda boti. Hakuna aliyeilinda, wote walikuwa wanataka kuua mamba. Amisi akarusha ile dadu ya mviringo kwa niaba ya watu-mamba. Ikazunguka, ikagonga kilima changu, ikasimama.

"Boti inazama," alisema. "Bote benye kuwa ndani banaenda na maji."

Wavulana wakapiga kelele za furaha. Mimi nikamtazama yule mtu mdogo mwenye kofia. Nikajiambia ni mchezo. Nilijiambia hivyo kwa siku kadhaa, na nilikuwa karibu kuamini, mpaka siku aliyosema baba kwamba atarudi ikapita bila yeye.

Siku iliyofuata alikuja Mama Feza, jirani yetu aliyeuza mchicha sokoni. Hakuweka chini hata beseni lake.

"Mama Saleh, banasema boti ilizama kule Kasenga. Banasema kulikuwa ba muchuuzi ba samaki ndani."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Nani anasema?"

"Banasema ku soko."

"Ku soko banasemaka mingi," mama alijibu, akaendelea kupepeta.

Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia yote. Wengine wangeweza kutilia shaka habari ya sokoni. Mimi nilikuwa najua. Niliichora mwenyewe ile boti, kwa biki, na nilikuwepo dadu zilipoizamisha. Sikumwambia mtu. Kwa akili yangu ya wakati ule, kusema kwa sauti kungekuwa sawa na kupitisha wino mara ya pili.

Kilichonitia uchungu zaidi ni mama. Nilimngoja alie, hakulia. Alituamsha kwenda shule, alinikaripia kwa sababu ya soksi, alimtuma Saleh makaa. Wanawake wa mtaa walipokuja na kanga zao, wakaanza kukaa chini kwa ule utaratibu tunaoujua wote wa kungoja msiba, aliwatolea maji ya kunywa kisha akasimama mbele yao.

"Asanti, bamama. Mais hapa hakuna kilio. Kama mulikuya kunisalimia, mulishanisalimia."

Wakaondoka wamenuna. Jioni alipika bukari, ugali wetu wa Lubumbashi, kama kawaida, akatenga sahani ya baba, akaifunika kwa sahani nyingine, akala, akaosha vyombo. Nikasema moyoni kwamba mama hana habari. Nikasema hamjali baba. Nikaona kwamba katika nyumba nzima mtu pekee wa kumrudisha ni mimi, na sikuwa hata na umri wa kutumwa peke yangu mjini. Ule mzigo naukumbuka vizuri kuliko vitu vingi vilivyonipata nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nalala nao na kuamka nao, na darasani wenzangu walipokuwa wakiimba na kucheza nyimbo za chama mimi nilikuwa nafungua mdomo tu.

Nilijaribu kwanza njia ya halali. Nilimfuata Amisi, ambaye tulimwita yaya, yaani kaka mkubwa, akiwa anapiga pasi shati lake.

"Yaya Amisi, ile vita ya mutoni tuirudilie. Tutupe tena dadu."

"Hapana. Ilishafanyika."

"Mara moja tu."

"Zaina, iko na biki. Kama tunabadirisha leo, kesho kila mutu atalia ya kwake."

Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hiyo haki yake. Basi nikachukua wembe. Shuleni sote tulifanya hivyo tulipokosea: unakwaruza wino taratibu kwa ncha ya wembe mpaka karatasi inabaki nyeupe. Siku ile nilisubiri wengine watoke, nikatandaza ramani sakafuni, nikaanza kuikwaruza boti. Lakini karatasi za kampuni zilikuwa zimechoka tangu zamani, na wino wangu ulikuwa umeingia hadi ndani. Wembe ukapita upande wa pili. Pale ilipokuwa boti na baba yangu pakawa tundu, na kupitia lile tundu nikaiona sakafu.

Nililia basi, kimyakimya, kamasi na machozi pamoja. Kisha nikafuta uso nikafikiri. Gundi hatukuwa nayo, lakini mtoto gani wa Lubumbashi hajabandika kitu kwa bukari? Nikaenda jikoni, nikafunua sahani ya baba ya jana yake, nikachota kwa vidole. Nilikata kiraka kikubwa, nikakipaka bukari, nikaziba tundu. Kiraka kikawa kipana kuliko mto, kikafunika maji kutoka ukingo hadi ukingo. Nikakikandamiza kwa goti. Kilipokauka nikachukua biki na kuchora mtu mwenye kofia, anatembea, mguu mmoja mbele, ili asiyejua kusoma picha naye aelewe kwamba yuko njiani.

Mama aliporudi alifunua ile sahani akaikuta na michirizi.

"Panya ya hii nyumba iko na vidole tano," alisema. Kisha akawamwagia kuku.

Jumamosi ikafika. Saleh ndiye aliyetandaza ramani mezani, na ndiye aliyepiga kelele.

"Yaya Amisi, angaria! Zaina alishaharibisha karte! Mutoni iko wapi?"

Wavulana wakanizunguka. Amisi akawasogeza, akainama. Alipitisha kidole juu ya kiraka, akakinusa, akaona yule mtu mwenye kofia. Kisha akaniangalia mimi, na nadhani ndipo alipoona macho yangu yalivyovimba, maana uso wake ulibadilika. Ni mara ya kwanza niliona maringo yakimtoka.

"Bon," alisema, na akachukua ile sauti yake ya kusimulia. "Mvua ilikatika. Jua ilipiga, ilipiga, mutoni ikakauka. Bote benye kuwa mu boti banatoka na miguu."

"Shi ulisema biki haibadilike?" Saleh alifoka.

"Biki haibadilike. Mais hii haiko biki, hii iko bukari."

"Na mamba?"

"Mamba bila maji atafanya nini? Analala." Akaniangalia tena. "Balikuwa mbali, njo maana. Batachelewa kidogo tu."

Sijawahi kusikia hukumu tamu kama ile. Nilikwenda nyuma ya choo nikayarudia maneno yale peke yangu.

Baba alirudi siku chache baadaye, mchana, jua likiwa kali. Aliingia uani na kiatu kimoja kimefungwa kamba, matope yamemkaukia hadi magotini, ananuka moshi na samaki. Saleh alimrukia. Mimi nilisimama palepale, namkagua kama amekamilika, kofia, mikono, miguu yote. Lori lilikuwa limevunjika springi porini, dereva akapanda gari jingine kwenda kutafuta springi nyingine, baba akabaki kulinda mzigo. Barafu ikayeyuka, samaki wakaanza kuharibika, ikabidi awakaushe kwa moshi na wanakijiji kabla hawajaoza wote. Na boti? Boti ilizama kweli, alisema, karibu na ukingo, na waliokuwamo walitoka kwenye matete wakiwa na tope hadi kifuani, wanatukanana. Walipoteza samaki tu. Yeye siku hiyo alikuwa ameshaondoka Kasenga.

Ningependa kuwaambia kwamba mama alimkumbatia. Alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akamtazama kuanzia chini kwenda juu.

"Miguu yako iko na matope," alisema. "Ngoja nilete maji."

Akamletea maji, akamwagia miguu, akamwekea chakula, akakaa kwenye kizingiti na bakuli la mboga mapajani huku baba anakula na kusimulia. Nikawaza: hata sasa! Hata sasa hana la kusema! Nikageuka nimkazie macho, na nikakuta kichwa chake kimeegemea mwimo wa mlango, mdomo wazi kidogo, bakuli limeinama. Mama alikuwa amelala usingizi mzito katikati ya mchana, mbele za watu, mtu ambaye sikuwa nimewahi kumwona hata akisinzia.

Baba akaacha kula. Akaweka kidole mdomoni tunyamaze, akanyanyuka, akalitoa bakuli taratibu kutoka mikononi mwake.

"Mama yenu analalaka saa hizi?" alinong'ona.

"Hata usiku halalaki," alijibu Saleh, aliyekuwa analala sebuleni. "Tangu ulichelewa. Anaikalaka tu pale ku mulango, mpaka asubuyi."

Pale ndipo nilipoelewa, na ule mzigo ukanitoka mabegani wote kwa mara moja, nikawa mwepesi hadi nikaogopa nitacheka. Haukuwa wangu peke yangu. Kumbe siku zote nilizolala nikidhani mimi ndiye namshikilia baba kwa biki na bukari, mtu mzima alikuwa macho anamshikilia. Nilimpenda mama siku ile kwa namna ambayo sikuwa nayo kabla, na sikuweza kumwambia kwa sababu alikuwa amelala.

Baba hakumwamsha ahamie ndani. Jua lilikuwa limeanza kumfikia usoni, basi akachukua kigoda chake akakaa mbele yake, mgongo juani, ili kivuli chake kimwangukie. Jua likasogea, naye akasogeza kigoda. Sisi tulikaa chini ukutani, hata Saleh. Adhana ya alasiri ilipolia, baba, ambaye akiwa nyumbani hakuwahi kuchelewa sala, aliusikiliza ule mwito hadi ukaisha, akasogeza kigoda kidogo tena, akabaki amekaa akingoja mama aamke mwenyewe.